Kanga ya bibi imeandikwa "tamaa sikati", nami nataka kuikata nivike boksi

MjukuuWaPangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Naomba msaada wa mikono na wa akili, maana vyote viwili vimenikwama.

Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana kule Pangani. Hakuacha mali ya kugombewa. Vilivyoangukia kwangu ni vitu vya kujaa kikapu kimoja kidogo: miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, tasbihi, picha saba za zamani (moja imeliwa kona na mende), na fungu la barua mjomba alizokuwa akimwandikia alipokuwa kibarua bandarini Mombasa. Nataka kuvitengenezea boksi. Sitaki la kununua. Nataka nilikate mwenyewe, nilivike kitambaa kwa mkono wangu, na kitambaa chenyewe kiwe kanga yake.

Kanga ni nyekundu, pindo lina korosho nyeusi, mji wake, yaani katikati, madoa meupe. Jina lake JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ilikuwa doti, ila kipande cha pili ndicho kilichofunika jeneza, hakikurudi nyumbani. Hiki kilichobaki kilikuwa mbeleko. Kimembeba mama yangu mdogo, kikanibeba mimi, kikawabeba na wadogo zangu, kwa hiyo katikati kimelegea mpaka ukikiinua juani unauona mkono wako upande wa pili.

Tatizo la kwanza ni mama. Nilipomwambia nataka kuikata aliisoma kanga, akanitazama, akasema: "Yenyewe inakwambia *sikati*. Wewe na mkasi wako unaijibu nini?" Akaichukua akaifungia kabatini. Alikuwa anacheka, lakini ufunguo hajanipa.

Tatizo la pili ni mimi. Ili nimwonyeshe kwamba najua ninachofanya, nilinunua kanga ya bei ndogo hapa sokoni Tanga, nikatafuta boksi la viatu na ile gundi nyeupe ya chupa wanayotumia watoto shuleni. Matokeo:

Gundi imepenya ikatokeza juu ya kitambaa, imekauka na kuacha mabaka yanayong'aa kama njia ya konokono. Kifuniko kimepinda pembe juu, ukikiweka mezani kinabembea kama ngalawa. Halafu hakiingii kwenye boksi lake, na kabla sijakivika kilikuwa kinaingia vizuri tu. Na jina la kanga, ambalo lilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, sasa mbele ya boksi linasomeka GENI NJOO MWENYEJI AP.

Mama amelichukua anawekea vitunguu saumu.

Naombeni mnieleze nilipokosea kabla sijaomba ufunguo wa kabati.

KijanaWaBajaji

Dada, madukani kuna visanduku vya plastiki vina mfuniko wa kubana, mende hapiti, maji hayapiti. Kanga mwachie mama aivae. Umemaliza.

MjukuuWaPangani

Ahsante kaka. Bibi alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, aliwekea unga. Nikiweka miwani yake humo atanijia usiku.

FundiMajalada

Bi mdogo, pole kwa msiba. Mimi najalidi vitabu, leja na mabuku ya risiti hapa Kariakoo, mwaka wa 19 huu. Boksi la kitambaa na jalada la kitabu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nikujibu kwa yale ninayoyafanya kila siku.

Nianze na ngalawa yako. Kadibodi ukiipaka gundi ya maji inavimba. Ukibandika kitambaa juu yake, gundi ikikauka inajikunja na kuivuta kadibodi upande ule ule uliopaka. Upande wa pili hakuna kinachoivuta, basi inakubali kupinda. Dawa si gundi kidogo wala jua. Dawa ni kuivuta na upande wa pili: kila ubao unaouvika nje, uubandike kitu na ndani, karatasi au kitambaa, kwa gundi ile ile, siku ile ile. Halafu uweke chini ya uzito ukiwa bado na unyevu. Mimi natumia matofali mawili niliyoyafunga magazeti, na kati ya tofali na kazi naweka ubao safi. Siku mbili usiguse. Watu wengi wanaanika juani ili ikauke upesi, na hapo ndipo inapopinda bila kurudi.

Tena boksi la viatu si kadibodi ya kazi hii, ni laini mno. Tafuta ile ya kijivu, nene milimita 2, ambayo ukiigonga kwa ukucha inalia ko, ko. Mafundi wa majalada huwa na vipande vilivyobaki, waombe. Gamba la kaunta buku kuukuu nalo linafaa, ila upana wake ni sentimita 21 tu, kwa hiyo linatosha kuta na halitoshi kifuniko.

Gundi. Ile ya watoto ni maji matupu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, nzito, usiiongeze maji. Paka *kadibodi*, usipake kitambaa kamwe. Paka kwa brashi, kisha ukwangue kwa kadi ngumu, mimi natumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, mpaka ubaki utando mwembamba. Subiri kidogo. Gusa kwa kidole: ikinata bila kukulowesha, hapo laza kitambaa, ukisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda ukingoni. Kitambaa kilaze mara moja tu, ukikiinua na kukirudisha mara tatu umeshaharibu.

Kitambaa chako wewe, jinsi ulivyokieleza, kitapenyeza hata ufanye hayo yote. Kimekwisha nyuzi. Lazima ukitie karatasi mgongoni kwanza, nasi tunafanya hivyo kwa uji wa ngano. Kijiko kimoja cha unga mweupe wa ngano, vijiko vitano vya maji baridi, koroga usibakize donge, pika moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe mzito na weupe wake upungue. Upoe, uchuje kwa kitambaa. Laza kanga kifudifudi juu ya kioo au meza ya fomaika, inyunyizie maji, inyooshe kwa kiganja mpaka nyuzi zisimame sawa. Paka uji kwenye *karatasi* nyembamba nyeupe, ilaze juu ya kanga, sugua taratibu kuanzia katikati. Acha hapo hapo mpaka kesho. Ukikibandua kitatoka kama karatasi ya ukutani, unakikata kwa wembe na rula, nyuzi hazichomoki, gundi haipenyi. Usitumie gazeti, linageuka njano na wino wake unapita.

Kabla ya yote hayo: chukua pamba nyeupe iliyolowa, ibane kwenye wekundu wa kanga dakika tano. Ikitoka na rangi, niambie kabla hujaendelea.

Mambo ya kifuniko kutoingia nitarudi usiku, mteja amekuja.

BintiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Mie si fundi wa maboksi, ni fundi cherehani, na leso (nyie mwaita kanga) ndizo zilizonilea. Nina mambo matatu.

Kwanza angalia ukingoni mwa leso hiyo kama pana maandishi madogo, K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak wa hapa Mombasa, na wengi husema yeye ndiye aliyeanza kutia majina kwenye leso, zamani hizo yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukiiona alama usiikate, iache ionekane mahali.

La pili, unamwonea mamako. Amekupa jibu nawe hujalisikia. Amesema *sikati*. Basi jina usilikate, likunje.

Chukua futi ya ushonaji upime jina kutoka J ya mwanzo hadi I ya mwisho, kisha utwambie ni sentimita ngapi, na JAPO SIPATI peke yake ni ngapi. Kosa lako kwenye ile ya vitunguu saumu ni kwamba ulikuwa na boksi ukatafuta kitambaa cha kulivika. Leso haitaki hivyo. Hata gauni la leso halikatwi hivyo: unaitandaza leso yote, unatazama pindo lako liko wapi na jina liko wapi, ndipo unajua gauni litakuwaje. Lipime jina kwanza, boksi litafuata.

La tatu, hiyo kanga yako mpya ya majaribio ulifua kabla? Leso mpya ina wanga wa dukani, inasimama kama karatasi, gundi yashika wanga haishiki uzi. Huenda ndiyo sababu nyingine.

MjukuuWaPangani

Sikufua. Nilidhani ule ugumu ni ubora.

Nimeomba ufunguo kwa ajili ya kupima tu, nimepewa dakika tano kwa kusimamiwa. Jina zima sentimita 46. JAPO SIPATI ni 21 na nusu. TAMAA SIKATI ni 23. Alama ya Abdulla sikuiona. Ukingo wa chini umefumwa upya kwa mkono, pengine ilikuwepo ikaenda na nyuzi.

Pamba nayo nimeibana, mama kahesabu dakika kwa simu. Imetoka nyeupe. Nadhani rangi ya kutoka ilikwisha kutoka enzi za nepi.

BintiMvita

Haya basi. Tengeneza boksi ambalo mbele yake ni sentimita 26 na ubavu wake 24. Kona ya kushoto ya boksi ikae pale penye nafasi kati ya SIPATI na TAMAA. Ubavuni patasomeka JAPO SIPATI, mbele patasomeka TAMAA SIKATI, na kitambaa ni kimoja, hakijaguswa na mkasi. Mtu akilitazama kwa mbele ataona *tamaa sikati*. Akitaka kujua kwa nini, alizunguke.

Muonyeshe mamako hiyo kwa karatasi kabla ya kumuomba chochote.

FundiMajalada

Nimerudi. BintiMvita kamaliza kazi kubwa kuliko yangu. Nami nilikuwa nataka kukwambia uachane na kifuniko cha kuvaa, kwa hiyo tunakwenda pamoja.

Kifuniko chako hakikuingia kwa sababu kitambaa hunenepesha boksi. Kuta zilivaa, kifuniko nacho kilivaa ndani na nje, na kwenye pindo kitambaa kinakuwa mara mbili. Ukitaka kifuniko cha namna ile, kiache kipwaye milimita 2 kila upande kabla ya kuvika. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mimi nashauri boksi la mtindo wa kitabu. Unatengeneza trei isiyo na kifuniko, halafu unatengeneza gamba kama la kitabu, mbao tatu: juu, mgongo, chini. Trei inabandikwa ndani ya gamba, chini yake na nyuma yake. Kifuniko kinakuwa bapa, kinalala tu juu ya trei. Hakuna kuingia, basi hakuna kukataa kuingia.

Kwa vipimo vya dada wa Mombasa: trei 26 kwa 24, kimo 9. Ubao wa juu na wa chini uzidi trei milimita 3 kulia, 3 kushoto, 3 mbele, nyuma zisizidi. Mgongo uwe na kimo cha trei, 9. Ukizipanga mbao tatu juu ya kitambaa, kati ya ubao na ubao acha upenyo wa milimita 6. Upenyo huo ndio bawaba yako. Ukiubana gamba halifungi, ukiuachia sana kifuniko kinacheza. Kabla gundi haijakauka pitisha ukingo wa rula kwenye ule upenyo, kitambaa kizame.

Ukuta wa nyuma wa trei unajificha kwenye mgongo, usiuvike. Kwa hiyo ukanda wako wa jina unazunguka kuta tatu tu: 24, 26, 24, na sentimita 2 za kugeukia nyuma kila upande. Jumla 78. Upana wake 14: kimo 9, juu wa kukunjia ndani 3, chini 2.

Kona za gamba ndizo zinazomtoa mtu aibu. Kata kitambaa mshazari kwenye kila kona, lakini usikate hadi kwenye ncha ya kadibodi, acha milimita 4, yaani unene wa kadibodi mara mbili. Ukiacha pungufu ncha ya kijivu itachungulia. Kunja upande mrefu kwanza, kwenye ncha bonyeza kale kasikio kwa ukucha kaingie ndani, ndipo ukunje upande mfupi.

Ndani ya trei weka bafta nyeupe, haina rangi ya kuchafua picha.

MjukuuWaPangani

Fundi, Mungu akuzidishie. Ila bafta hapana. Nilimsomea mama ujumbe wako wote akitikisa kichwa vizuri, nilipofika kwenye bafta akanyamaza. Ndiyo sanda tuliyomvalisha bibi. Hatutaweka bafta.

FundiMajalada

Nisamehe. Nilifikiri kama fundi. Kitambaa chochote cha pamba cheupe kilichofuliwa mara nyingi kinafaa, hata shuka.

SuriMuscat

Nawasoma kutoka Muscat, mama yangu mzaliwa wa Unguja. Huku boksi la namna hii huwa la mbao na misumari ya shaba, mandusi, na vile vidogo vinauzwa Mutrah sokoni kwa wageni. La kadibodi na kanga sijaliona, naona wivu.

Nina onyo dogo. Tabia yetu ya kufukiza ubani kila kitu: lifukizwe boksi tupu, liachwe wazi lipumue, ndipo vitu viingie. Usifukize picha. Moshi unanata kwenye picha za zamani, nimewaharibia watu wa kwetu picha za harusi kwa mapenzi yangu ya ubani. Na likikamilika liachie wazi siku kadhaa, maana unyevu wa gundi ukifungiwa ndani pwani ile, utalikuta lina ukungu.

BintiMvita

Nyongeza: uji wa ngano mende waupenda kuliko picha.

FundiMajalada

Kweli. Wazee waliotufundisha walitia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kidogo kwenye uji, mende hakuja. Ni sumu na watu wanashika boksi kwa mikono, mimi siuweki. Hakikisha tu uji wote umefunikwa na gundi ya mbao kingoni, pasiwe na ukingo wa karatasi ulio wazi, na boksi lisikae jikoni.

MjukuuWaPangani

Wiki tatu baadaye. Naripoti.

Nilitengeneza mfano wa karatasi ya manila kama alivyosema BintiMvita, nikaandika maneno kwa kalamu ya rangi, nikamwekea mama mezani wakati anachambua mchele. Akalizungusha. Akasoma ubavuni, akasoma mbele. Akalirudisha nyuma akasoma tena. Halafu akaendelea na mchele wake, nikajua nimekataliwa. Baada ya magharibi alikuja chumbani na kanga, imepigwa pasi.

Kukata tulikata wawili. Nilitandaza kanga sakafuni, nikachora mstari kwa chaki ya fundi cherehani, mama akashika upande wa mbali ili isiteleze. Nilipofika nusu ya ule ukanda aliniambia nisimame. Nikasimama. Akaokota uzi uliokuwa umelala juu ya mstari, akasema haya endelea.

Karatasi mgongoni: fundi, sikuamini. Ile sehemu ya katikati iliyokuwa kama chandarua ililala kwenye kioo (kioo cha kabati, tulikitoa) na nyuzi zikajipanga kama zimesikia amri. Nilipoibandua asubuhi ilikuwa ngumu, bapa, na wekundu umeamka. Sehemu ile iliyochakaa zaidi nimeipangia ubao wa chini, ila nimebakiza kipande chake kwenye kifuniko kona ya kulia, kwa makusudi. Ukipitisha kidole pale unajua hapa palikuwa pa mgongo wa mtoto. Pengine najidanganya, pengine palikuwa pa kukaa tu.

Makosa yapo, msidhani. Povu moja dogo la hewa chini ya herufi A ya pili katika TAMAA, nilijaribu kulisukuma kwa mgongo wa kijiko nikaliongeza. Kona moja ya gamba ncha ya kijivu inachungulia, niliacha milimita 2 badala ya 4 kwa haraka. Nimeipaka kalamu nyekundu, usiku haionekani. Na uji ulileta wadudu kweli, ila si mende, ni sisimizi: walipanga mstari hadi kwenye sufuria ya uji, si kwenye boksi.

Upenyo wa milimita 6 ni neno la kushika. Nilipolifungua mara ya kwanza, kifuniko kiliangukia nyuma bila kunung'unika, nikalifunga, likafunga kwa sauti ndogo, *pu*, ile hewa inayotoka. Nimelifungua na kulifunga kama mara arobaini. Mdogo wangu amelalamika.

Ndani nimeweka foronya ya bibi. Alikuwa anadarizi foronya za wageni, maua ya waridi na maneno. Hii aliiharibu akaificha chini ya godoro, mama ndiye aliyeikumbuka: alitaka kuandika LALA UNONO, akaanza na herufi kubwa mno, nafasi ikamwishia. Sasa chini ya trei pamedariziwa kwa uzi wa kijani LALA UNO. Niliikata ili maneno yakae katikati. Hakuna mtu atakayesema ni mimi niliyeyakata.

Liliachwa wazi siku nane dirishani, kivulini. Ubani nilifukiza siku ya sita. Jana tumeingiza vitu: barua chini, picha juu yake nikizitenganisha kwa karatasi nyeupe, tasbihi, na miwani ya mwisho.

Sasa nimebaki na tatizo jipya. Mama alilitazama limekamilika, akalishika, akalizungusha, akauliza: "Ufunguo wake uko wapi?" Nikamwambia halina ufunguo, ni la kadibodi. Akasema kasha la bibi lilikuwa na ufunguo, na bibi aliufunga kwenye pindo la kanga hata akienda kuoga. Boksi lisilo na ufunguo ni boksi la nani?

Fundi, kufuli linafungwaje kwenye kadibodi ya milimita 2?

FundiMajalada

Halifungwi, bi mdogo. Hata ukitia kitasa, mtu ataling'oa na kipande cha kadibodi. Toboa tundu dogo ukingoni mwa kifuniko, pitisha kitanzi cha uzi uliosokotwa, na kwenye ukuta wa mbele shona kifungo. Tafuta kifungo chake yeye, cha kaniki au cha blauzi. Kitanzi kinavishwa kwenye kifungo, kifuniko kinabana. Kishone chini ya mstari wa maneno, kisikae juu ya herufi. Ndani bandika kipande cha kitambaa kuficha mafundo.

BintiMvita

Kaniki haina vifungo, fundi. Blauzi.

FundiMajalada

Blauzi. Nimekubali.

MjukuuWaPangani

Kifungo nimepata, cha lulu, kilikuwa kwenye kopo la vifungo vyake. Nimekishona leo mchana, chini ya nafasi iliyo kati ya TAMAA na SIKATI, kimekaa vizuri.

Nimempelekea mama. Amekifungua, amekifunga. Anasema kifungo hakizuii wajukuu. Boksi amelitia kabatini kwake, amefunga, na ufunguo wa kabati ameufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa.